Uso wa Wasil Yurkanin kwenye Duka la Jumba

Wasil Yurkanin alikuwa jirani yangu kwa miaka thelathini na minane, nyumba yake na yangu ukuta mmoja. Akikohoa yeye, sahani zangu zinalia kabatini. Mkewe Verna akipiga chafya, mimi huku namwombea afya, naye kule anaitikia asante. Ndivyo tulivyojengewa watu wa mji wa Mahantic: nyumba mbilimbili zilizobanana, safu nne chini ya mlima, na juu ya vichwa vyetu, ukingoni kabisa, jumba la Josiah Vantine lenye madirisha arobaini na saba. Idadi hiyo tunaijua kwa sababu Verna ndiye aliyekuwa akiyaosha.

Huyo Vantine alikufa mama yangu hajazaliwa, lakini Mahantic huwezi kwenda kununua mkate usikutane naye. Reli ilikuwa yake. Makaa ya mawe yaliyobebwa na reli yalikuwa yake, na mlima uliotoa makaa, na nyumba walizolala wachimbaji. Kanisa la mawe alilijenga yeye, maktaba yeye, chemchemi ya uwanjani yeye. Wageni wakija hutuambia, "Mlibahatika kupata mtu kama huyu." Tunatikisa kichwa. Mgeni hagombwi.

Baba yake Wasil aliitwa Petro. Alitoka milima ya Karpati, ng'ambo, akiwa kijana, na Kiingereza chake chote kilikuwa cha mgodini: inua, sukuma, chunga kichwa. Machi mwaka 1937 gesi ililipuka katika Shimo Namba Nne ikaua watu saba. Petro alikuwa mmoja. Mwingine alikuwa mjomba wangu, Thomas Pugh, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu aoe.

Kampuni ililaza maiti kwenye gari la farasi, likapita mtaani mlango kwa mlango. Paraska, mamake Wasil, aliliona dirishani likisimama kwa huyu, likisimama kwa yule. Lilipofika kwake alishika kitasa kwa mikono miwili, akaegemea mlango kwa kifua.

"Si hapa!" akapiga kelele. "Nendeni mbele! Si hapa!"

Wanaume wanne wamesimama barazani, wamembeba Petro ndani ya blanketi, mvua inawanyeshea. Hakuna aliyethubutu kubisha mara ya pili.

"Mama, ni baba," Wasil akamwambia. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Nikifungua ndiyo atakuwa amekufa. Niache kwanza."

Wasil ndiye aliyemtoa mamake kitasani, akibandua kidole kimoja kimoja. Jambo hili alinisimulia mara moja tu katika miaka yote ile, tunamenya viazi jikoni kwake, na hakuinua macho mpaka alipomaliza.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja karani wa kampuni. Alivua kofia, akatoa pole, akasema nyumba ile ni ya mtu anayefanya kazi mgodini, na mle ndani mtu huyo hayupo tena. Siku kumi wawe wamehama. Paraska alikuwa na watoto watano. Akamuuliza sheria hiyo kaiweka nani, labda anaweza kwenda kuzungumza naye. Karani akamwambia kaiweka Bwana Vantine mwenyewe, kwa mkono wake, na karatasi ipo ofisini imetiwa kioo.

Basi Paraska alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akamchukua Wasil, wakapanda kwa miguu hadi jumbani. Wakati ule aliyekuwa akiishi mle ni mjukuu wa Vantine, Bi Adelia, mwanamke ambaye hakuolewa, mpole wa sauti. Waliingizwa kwa mlango wa jikoni. Bi Adelia aliwasikiliza amesimama. Wasil alikuwa akitafsiri maneno ya mamake, na alipofika penye neno "kufukuzwa" lilimkwama, akasema "kuhama".

"Ninasikitika sana," Bi Adelia akajibu. "Lakini lile ni neno la babu yangu. Siwezi kutangua neno la marehemu." Kisha akamtazama Wasil toka kichwani hadi miguuni. "Naona mwanao ana mabega mazuri."

Akawapa kikapu cha mapeasi kutoka nyumba yake ya vioo ya kuoteshea matunda, mapeasi mwezi wa Machi, wakashuka nayo mlima. Wadogo zake waliyala siku ileile, wakapigania hata viini vyenye mbegu. Wasil hakuonja. Jumatatu aliingia Shimo Namba Nne ili nyumba isichukuliwe, akapewa namba ya shaba aliyokuwa akiivaa baba yake, walikuwa wameisafisha. Serikali ilituma watu kuchunguza, wakaandika kwamba cheche ilitoka kwenye taa ya mmoja wa wachimbaji. Walimtaja kwa jina. Alikuwa Petro Yurkanin.

Wasil alichimba miaka kumi na saba. Mwaka 1954 maji yalifurika mashimoni, kampuni ikazima pampu, wanaume elfu moja wakarudi nyumbani wakakaa kwenye ngazi. Reli nayo, ilipokosa makaa ya kubeba, ilianza kuota magugu. Waliolisha mji huu tangu hapo ni wanawake. Kulikuwa na kiwanda cha kushona blauzi, na Verna alishona mle miaka ishirini na mitatu, na Wasil akawa mtu wa kupika na kufagia. Kilabuni walimtania.

"Wasil, mama wee, leo umepika nini?"

"Pirohi, unga uliojazwa kabeji. Na wewe mkeo kakuachia nini, au bado unanyonya?"

Ulimi alikuwa nao. Pumzi ndiyo iliyoanza kumwacha. Kwanza aliacha kupanda ngazi bila kupumzika, kisha akaacha kuimba kanisani, yeye aliyekuwa na sauti nene kuliko wote, kisha akawa analala amekaa. Mapafu meusi, ugonjwa wa vumbi la makaa. Kila nyumba ya safu zetu ilikuwa na mwanaume wa hivyo, amekaa dirishani kama saa mbovu. Daktari wa bodi ya fidia alimwambia huenda ni sigara. Wasil hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Bi Adelia alikufa bila mtoto, akauachia mji jumba. Kiwanda cha blauzi kikafungwa, na Verna akapata kazi ya usafi kulekule juu, maana lilikuwa limefanywa makumbusho. Wasil hakumzuia, ila tangu siku ya mapeasi yeye hakukanyaga tena lango lile. Verna akirudi jioni, anamuuliza, "Bwana wako hajambo?"

"Hajambo. Ana vumbi kidogo."

Siku moja alirudi hakutania. Aliketi jikoni kwangu na koti lake mwilini.

"Dilys," akaniambia, "leo nimeving'arisha vyote. Ukumbini kuna vibao vya shaba thelathini na nne, kila kibao na jina. Unajua ni majina ya nani? Ya magarimoshi yake. Kila garimoshi lina jina lake, na mwaka lilipozaliwa, na mwaka lilipostaafu."

Jioni ileile Verna alimsimulia Wasil hayo. Siku mbili baadaye Wasil akasema, "Baba yangu alikuwa na namba." Nadhani hapo ndipo kitu kilipomwingia kichwani.

Mwaka 1991 alikuja Bi Ellery. Alikuwa ametoka Filadelfia na mumewe, wakanunua hoteli ya zamani ya wasafiri wa reli, na ndani ya miaka miwili yeye akawa mwenyekiti wa kila kamati. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mchangamfu, anakumbuka jina la mbwa wako. Alianzisha Siku ya Vantine, kila Juni, watu wavae nguo za zamani, reli ifyekwe magugu, na garimoshi la mvuke lilete watalii. Mimi mwenyewe nilishona gauni refu nikauza maji ya limau. Nalitaja hili ili msidhani nilikuwa pembeni nimekunja mikono.

Alikuja kwa Wasil na keki. Mimi nilikuwa pale.

"Mzee Yurkanin, tunahitaji mchimbaji. Wa kweli. Wamebaki wangapi kama wewe?"

"Wenye kupumua au wenye kusimama?"

Akacheka, akamgusa mkono. "Utavaa kofia ya taa, tutakupaka masizi kidogo usoni..."

"Masizi ya kupaka? Mimi yangu nimeyaweka ndani, mama, yasije yakaibwa."

Verna aligeukia jiko. Bi Ellery hakujua acheke au asicheke, akakata keki. Wasil alimwambia hapana. Akaja tena baada ya wiki, akaambiwa hapana. Mara ya tatu Wasil alikuwa amejiandaa.

"Nitakuja," akasema. "Ila nisimame kwenye baraza la jumba, mbele ya watu wote, niseme."

"Useme nini, mzee?"

"Majina saba."

Bi Ellery alifurahi kikweli, machozi yalimlengalenga. "Hicho ndicho tunachokitaka hasa! Historia hai! Dakika tano ni zako, mzee, sema upendacho."

Wiki nzima niliyasikia majina yale ukutani, asubuhi na mchana, anayapima kwa pumzi yake. Petro Yurkanin. Mihal Sabol. Thomas Pugh. Hapo anapumzika. Hugh Gallagher. Andrej Harko. Hapo tena. Stefan Harko. Kasimir Balutis. Alitafuta mahali pa kuvuta hewa kama mtu anayetafuta mawe ya kuvukia mto. Mara nyingi alifika mwisho. Verna alimpigia pasi shati ambalo halingeonekana chini ya koti la mgodini.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Tulimpandisha kwa gari la mkwewe. Langoni alisimama kidogo, nikadhani atageuka. Akaingia. Msichana mmoja wa chuo alimkalisha kitini, akampaka weusi mashavuni kwa sponji, akampa karatasi atie sahihi.

"Ya nini hii?"

"Ya kawaida tu, babu. Kila mtu anatia."

Miwani yake ilikuwa kwa Verna, na Verna alikuwa ndani, ametumwa kufuta matope ya wageni. Akatia sahihi.

Barazani alisimama na Vantine. Yaani daktari wa meno wa mji wetu, Dakta Lisle, amevaa kofia ndefu na ndevu za kubandika. Chini, majanini, watu kama mia tatu wanakula soseji na aiskrimu. Bi Ellery akamtambulisha kwenye kipaza sauti: "mmoja wa wana wa Bwana Vantine." Wasil alisogea. Sauti ilitoka, ile ya zamani ya kanisani, mimi nikaacha jagi langu la limau.

"Tarehe kumi na moja Machi," akasema, "katika Shimo Namba Nne, walikufa watu hawa. Petro Yurkanin, baba yangu. Mihal Sabol. Thomas Pugh."

Garimoshi likapiga honi. Lilikuwa linaingia stesheni bondeni, saa tano kamili kama lilivyopangwa, honi ndefu ikipanda mlima, na watu wote mia tatu wakageuza shingo kulitazama. Watoto walikimbilia ukuta wa ua. Wasil alisubiri. Honi ilipokwisha alivuta pumzi aanze tena, na pumzi ile haikufika. Kikohozi kilimshika kikamkunja. Alishika nguzo kwa mkono mmoja, na kile kilichomtoka kinywani kikaangukia sakafu nyeupe ya baraza, cheusi.

Watu walipiga makofi.

Sikuwasikia wakicheka, hapana. Walipiga makofi kwa heshima, kama watu waliofurahishwa na kazi nzuri. Mwanamke mmoja aliyesimama kando yangu alisema, "Masikini, anaigiza vizuri mno huyu." Dakta Lisle, ambaye kwa kweli alishtuka, alimshika mabega na kumpa kitambaa chake cha hariri, na mpiga picha wa kamati akawapiga picha hapo hapo: Vantine na kofia yake, ameinama juu ya mchimbaji, na mchimbaji amemtazama kwa macho yaliyojaa maji.

Nilipanda ngazi nimeshika gauni. Nilimkalisha kwenye ngazi za nyuma, mlango wa jikoni, nikamshika paji la uso mpaka kikohozi kikatulia.

"Dilys," akasema, "nilifika kwa nani?"

"Ulifika kwa mjomba wangu."

Akahesabu kwa vidole, polepole. "Basi wamebaki wanne."

"Utawasema mwakani, Wasil."

Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyemdanganya kwa nia njema.

Alikufa Februari iliyofuata. Cheti cha kifo kiliandikwa moyo, si mapafu. Bi Ellery alituma shada kubwa kuliko letu sote, na kasisi alilazimika kulisogeza ili wabebaji wapite.

Mwezi wa Mei Verna alikuwa akifuta meza za duka la jumbani, pale wanapouza sabuni na vijiko, akamkuta mumewe kwenye rafu. Kadi za posta. Ilikuwa picha ileile, na chini yake kwa herufi za kujikunja: *Bwana Vantine na Mchimbaji wake, Mahantic. Urafiki wa Zama Zile.* Halikuandikwa jina. Alikwenda nayo ofisini mkononi, ndoo ikimning'inia kwa mkono mwingine.

"Bi Ellery, huyu ni mume wangu."

"Najua, Verna. Picha nzuri mno, sivyo? Ina hisia."

"Hapa alikuwa anakufa."

Bi Ellery alivua miwani. "Ooh, mpenzi. Lakini watu wanapoitazama hawaoni hivyo. Wanaona upendo."

"Naomba uiondoe."

"Alitia sahihi, Verna. Mwenyewe. Na kamati nzima ilipitisha. Nikianza kuondoa hiki kwa ajili ya huyu na kile kwa ajili ya yule..." Akasimama akamkumbatia, na Verna, kwa sababu mkono mmoja una kadi na mwingine ndoo, akakumbatiwa.

Jumamosi alinigongea ukuta. "Chukua mkoba mkubwa," akasema. Tulipanda jumbani kama wageni, tukasimama foleni na wageni, tukanunua kadi zote, za kwenye rafu na za kwenye boksi chini ya kaunta. Msichana wa zamu ya Jumamosi, asiyetujua, alitufungia kwa utepe. Tulizichoma jikoni kwa Verna moja moja, hatukuzitupa kwa mafungu, maana hakutaka kumtupa kwa mafungu. Zilichukua mchana mzima. Mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona anakula akashiba.

Baada ya wiki mbili aliingia kazini, binti wa duka wa siku za kazi akamdaka mlangoni kwa furaha.

"Mama Yurkanin, umesikia? Kadi za mzee zimeisha zote! Hakuna kitu kilichowahi kutoka haraka vile. Bi Ellery ameagiza elfu tatu, na mabango, na vikombe!"

Verna aliweka ndoo chini katikati ya ukumbi, kwenye zulia lililoletwa kutoka Uajemi, akatoka. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ufa wa ndoo ile, alijua, na hakugeuka nyuma. Hakurudi hata kuchukua sweta lake.

Vikombe vipo mpaka leo. Nimeviona kwa daktari wa macho, nimeviona benki. Nilikwenda kwa Bi Ellery peke yangu kuomba angalau jina liandikwe chini, Wasil Yurkanin, herufi ndogo tu. Alisema ni wazo zuri sana na atalipeleka kwenye kamati. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Kibao cha wale saba tuliomba kanisani kwa Vantine, wakasema kuta za mawe yale ni za kihistoria, hazitobolewi.

Kiangazi kilichopita nilikuwa na Verna kwa muuza mikate, tunangoja zamu. Mtalii mmoja kijana, mwenye adabu, alikuwa na kadi ile mkononi. Aliona sisi ni wazee wa hapa, akatusogelea.

"Samahani, mama. Huyu alikuwa mchimbaji wa kweli, au ni mtu wa maigizo?"

Nilifungua mdomo. Verna alinikanyaga mguu.

"Wa maigizo," akamjibu. "Alikodiwa kutoka mbali. Hatumjui."

Kijana akashukuru, akaiweka kadi mfukoni, akatoka. "Huyo wa kadi ni wao," Verna akaniambia, "Wasil ni wangu." Verna aliagiza mkate wake wa shayiri, akauomba ukatwe vipande vyembamba, akauliza kama ule wa mbegu umebaki. Haukuwa umebaki.